Historia inapofikishwa mahakamani: maswali ambayo watu wa Lamu huniuliza kila mara

Mvuvi mmoja wa mtaa wa Langoni alinijia na gazeti lililokunjwa mara nne. Akalitandaza juu ya baraza, akaweka kidole kwenye makala ya wakili fulani kuhusu bandari. "Mwalimu," akaniuliza, "hii ni sheria au ni tarikhi?" Makala yalianza na sultani, yakapita kwa Wajerumani wa Witu, yakagusa utumwa, na fidia ya wavuvi, ambayo ndiyo iliyomtoa nyumbani, ikachungulia karibu na mwisho.

Mimi si wakili. Ni msaidizi wa kisheria. Huwasomea watu karatasi zao kabla hawajatoa pesa za wakili. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila wiki. Mengine nimeyajibu kwa kirefu kwa kuwa yananiuma, mengine kwa ufupi kwa kuwa hayana mengi.

Mbona kila anayeandika juu ya sheria za Pwani huanza na sultani?

Kwa sababu kesi nyingi za huku haziendi mbali kabla ya mtu kuuliza: wakati ule, mwenye mamlaka alikuwa nani? Na jibu la Pwani si jibu la bara. Tangu 1920 kulikuwa na vitu viwili kisheria: Koloni ya Kenya, na Himaya ya Kenya, yaani ukanda wetu wa maili kumi, ambao bado ulihesabiwa kuwa wa Sultani wa Zanzibar. Anayeandika kuhusu hati ya kiwanja cha Malindi hana budi kurudi hadi sheria ya 1908 ya hati za ardhi, iliyomtaka kila mwenye ardhi ukandani apeleke dai lake. Aliyekosa kudai kwa wakati, ardhi yake ilihesabiwa ya Serikali ya Mwingereza. Huwezi kuieleza sheria ile bila kueleza kwa nini serikali ilikuwa na haraka ya kujua ardhi ipi ni ya watu binafsi na ipi haina mwenyewe.

Hiyo ndiyo sababu nzuri. Sababu mbaya ni mazoea. Wapo wanaomtaja sultani kama mgeni anayefungua hotuba kwa kusifia mahamri. Ukimfuta katika makala yao, hakuna hoja inayoanguka.

Mkataba wa 1895 ulisema nini hasa?

Ulitiwa saini tarehe 14 Desemba 1895. Sultani aliwakabidhi Waingereza uendeshaji wa mali zake za bara na visiwa vilivyo karibu nayo, Lamu ikiwemo, nao wakakubali kumlipa kila mwaka pauni 11,000 za kodi, pamoja na riba ya deni lililofanya jumla ifike 17,000. Enzi ilibaki yake. Walichochukua wao ni uendeshaji.

Neno "kodi" ndilo lililozaa mjadala wote. Mtu wa kawaida akisikia ulikodisha nyumba, anajua nyumba itarudi. Wanasheria wa serikali walilichukulia neno hilo kama namna ya kulipa tu. Nimesoma makala mawili ya wachambuzi wawili makini juu ya mkataba huu mmoja, na naona tofauti yao si ya kifungu. Mmoja anaona mpangaji na mwenye nyumba. Mwingine anaona dola kubwa inayomfunga mdomo mtawala mdogo kwa posho. Kila mmoja amechagua hadithi kwanza, kisha akasoma maneno.

Nasikia makubaliano ya 1963 yalikuwa ya miaka 50. Si yameshakwisha?

Hapana. Makubaliano ya Oktoba 1963, yaliyoondoa enzi ya Sultani katika ukanda, hayana kifungu cha miaka 50. Hili nimelirudia barazani hadi vijana wananiita Bwana Hamsini.

Miaka 50 ipo, lakini pengine: mwaka 1887 Sultani Barghash aliwapa Waingereza wa kampuni ya biashara ruhusa ya kuendesha mwambao huu kwa miaka 50. Dhana yangu, na ni dhana tu, ni kwamba namba ile imehama kutoka karatasi moja hadi nyingine katika vinywa vya watu, kama jina la babu linavyohama kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake. Wakati kauli ya "Pwani si Kenya" ilipovuma, namba hiyo ilitumika sana, na mwaka 2013 ukasubiriwa kama siku ya kuiva deni. Mwaka uliotangulia, Julai 2012, Mahakama Kuu ya Mombasa iliondoa marufuku ya serikali dhidi ya MRC (Mombasa Republican Council), kundi lililoibeba kauli hiyo. Wapo walioisoma hukumu ile kana kwamba imekubali dai la kujitenga. Haikufanya hivyo. Suala lilikuwa kama serikali ilifuata katiba ilipolipiga kundi hilo marufuku.

Basi barua za 1963 zina nguvu gani leo?

Hapa inabidi tukae kidogo.

Kabla ya uhuru palikuwa na watu wa Mwambao, waliotaka ukanda huu ujitawale au urudi Zanzibar. Sir James Robertson alitumwa kusikiliza, na ripoti yake ya 1961 ikapendekeza ukanda uunganishwe na Kenya, pakiwepo kinga kwa watu wake. Kinga hizo ndizo zilizoandikwa katika barua baina ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, mwezi Oktoba 1963: uhuru wa ibada, mahakama za kadhi ziendelee, maafisa wa utawala katika sehemu za Waislamu wawe Waislamu kadiri inavyowezekana, Kiarabu kifundishwe, na hati za ardhi zilizokwisha kusajiliwa ziheshimiwe.

Mwezi Mei 2010, katikati ya kampeni ya katiba mpya, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliamua kesi iliyopinga mahakama za kadhi kuwemo katika katiba. Waliona kuwa kuziweka humo kunagongana na usawa wa dini. Waliowaunga mkono walijenga hoja juu ya dola isiyo na dini. Waliowapinga walitoa zile barua. Wananchi wakapiga kura tarehe 4 Agosti, na kifungu cha 170 kikazibakisha.

Swali la kisheria likawa limefungwa na siasa, lakini la kihistoria halikufungwa. Hukumu au uchambuzi unaoiona mahakama ya kadhi kama upendeleo kwa dini moja umeanza kuhesabu mwaka 2010. Unaoiona kama sharti la muungano umeanza 1963. Mzee mmoja wa mtaa wa Mkomani hapa Lamu, alipokuwa hai, alikuwa akiniambia kwamba wote wawili wamechelewa, kwa sababu kadhi alikuwa akihukumu hapa kabla ya Mwingereza kujua njia ya kuja. Barua peke yake hazimfungi jaji wa leo. Katiba ndiyo inayomfunga. Lakini zinamweleza katiba hiyo ilikuwa inajibu swali gani, na mimi naona hilo si dogo.

Lamu imewahi kutajwa katika sheria za kimataifa?

Ndiyo, na watu wetu wengi hawajui. Mwaka 1889 kampuni ya Wajerumani ya Witu na kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki ziligombania nani akodishiwe forodha ya kisiwa cha Lamu. Wajerumani walidai sultani alishawaahidi. Shauri likapelekwa kwa Baron Lambermont wa Ubelgiji, naye mwezi Agosti mwaka huo akaamua kwamba kampuni ya Witu haikuthibitisha haki yake. Sultani alikuwa huru kumpa mwingine.

Uamuzi ule hutajwa hadi leo na waandishi wa sheria za kimataifa wakitaka kuonyesha wakati gani ahadi ya mtawala inakuwa mkataba na wakati gani inabaki maneno. Ukiusoma ukiwa umekaa gatini, unashangaa: ushuru uliokuwa unabishaniwa ni wa pembe, ngozi, boriti na ufuta wa watu wa hapa, na hakuna anayeuliza wao walikuwa wanaona vipi. Wengi wa wanaoutaja wanaitumia Lamu kama jina la kesi tu.

Kadhi naye hutumia historia, au yeye ana Kurani na Hadithi basi?

Anatumia fikihi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, na fikihi ina historia yake. Sisi wa mwambao ni Mashafii, wafuasi wa madhehebu ya Imam Shafii, na kitabu kilichotegemewa zaidi katika hukumu ni Minhaj ya Imam Nawawi, mwanachuoni wa Sham (Syria) wa karne ya 13. Kwa mwanafunzi anayesoma kwa sheikh, maana inatoka Kiarabu hadi kichwani kwake, sheikh akiwa mbele yake.

Sasa tazama jaji wa Kizungu wa wakati wa ukoloni, mwenye kusikiliza rufaa ya mirathi kutoka kwa kadhi. Hajui Kiarabu. Kitabu alichonacho mezani ni Minhaj ya Kiingereza, iliyotoka London mwaka 1914. Na Kiingereza hicho hakikutoka kwenye Kiarabu! Kilitolewa kwenye Kifaransa cha Mholanzi, van den Berg, aliyekifasiri Batavia kwa ajili ya serikali ya Kiholanzi iliyotawala Waislamu wa Java. Kwa hiyo mjane wa Lamu alipimiwa thumuni yake kwa maneno yaliyotoka Sham, yakapita Java na London, ndipo yakarudi kwake.

Mchambuzi anayesema "sheria ya Kiislamu inasema hivi" kwa kunukuu hukumu ya 1930 anapaswa kujiuliza ni kitabu kipi kilikuwa mezani.

Na wakfu? Nyumba yetu ni wakfu wa babu, lakini wakili aliniambia kuna wakati wakfu wa familia ulikuwa batili.

Alikwambia kweli, na hii ndiyo kesi ninayoipenda kuliko zote kwa kuonyesha madhara ya kuchukua historia ya watu wengine.

Mwaka 1894 Baraza la Mfalme kule London, likisikiliza rufaa kutoka India, liliamua kwamba wakfu unaowanufaisha watoto na wajukuu, huku masikini wakitajwa mwisho kabisa kama kivuli, si wakfu wa kweli. Majaji waliona ni ujanja wa kufungia mali ndani ya ukoo. Waislamu wa India walilalamika sana, na mwaka 1913 India ikapitisha sheria ya kuurudisha wakfu wa watoto. Huku kwetu sheria ile haikufika, ila uamuzi ulifika. Mahakama za Afrika Mashariki zikajiona zimefungwa nao, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kesi ya familia ya Bakhshuwen kutoka mwambao huu ikapanda mpaka London, nako wakasema vilevile: batili.

Hebu fikiria. Kwa Shafii wa Mombasa au Lamu, kuwawekea wakfu watoto wako ni sadaka, maana aliye karibu ndiye wa kwanza kustahili. Hiyo ilikuwa desturi ya karne nyingi, na nyumba zilizoshikwa hivyo unaweza kuzigusa kwa mkono ukipita usita wa mui, njia kuu ya mji. Lakini historia iliyotumika kuihukumu ilikuwa ya matajiri wa Bengali, kama ilivyoonwa na majaji wa Kiingereza wenye hofu zao wenyewe kuhusu mali inayofungwa milele. Kenya ilirekebisha kwa sheria ya wakfu ya 1951. Kama hati ya babu yako ni ya kabla ya hapo, usikate tamaa, ila usiende bila mtu anayezijua sheria za wakfu.

Kwetu nyumba hupewa binti. Mbona mahakamani tunaambiwa mwanamume ana mafungu mawili?

Kwa sababu yote mawili ni kweli, kila moja kwa wakati wake. Mirathi hugawa kile marehemu alichokiacha. Katika nyumba za mawe za Mkomani baba alikuwa hangoji kufa. Binti akiolewa alipewa nyumba, au ghorofa juu ya ghorofa, na mume ndiye aliyehamia. Kisheria ile ni hiba, au wakfu, iliyokamilika baba akiwa hai. Ndugu wa kiume wanaokuja miaka 30 baadaye wakidai mafungu mawili ya nyumba ile wanadai kitu ambacho hakikuwemo kwenye tereka, mali aliyoiacha marehemu.

Shida ni ushahidi. Hiba nyingi zilifanywa kwa mdomo mbele ya mashahidi, na mashahidi wamezikwa. Hapo ndipo historia ya utamaduni inapofanya kazi ya kweli: ukionyesha kuwa hii ndiyo iliyokuwa desturi ya mtaa ule, kimya cha ndugu kwa miaka yote kinaeleweka. Usipoionyesha, kimya hicho hakina maana.

Kuna na wikio. Wasio wa hapa: ni chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kikiunganisha nyumba mbili, mara nyingi za dada wawili au mama na binti, ili wanawake wapite bila kushuka njiani. Niliwahi kuisaidia familia moja ambayo mpimaji alikuja, akapima kiwanja cha huku na kiwanja cha kule, akachora kichochoro kuwa njia ya umma. Vizuri sana. Ila wikio halikuwa katika kiwanja chochote. Chumba chenye zidaka ukutani, kitanda cha samadari na bibi wa miaka 80 aliyelala humo, kwenye ramani kilikuwa hewa. Nilimwonyesha bibi mchoro. Akautazama, akageuka dirishani akawatazama punda wakipita chini yake, akauliza, "Sasa mimi niko wapi, mwanangu?" Ramani ilitoka kwa sheria inayoanza na udongo. Mji huu haukujengwa hivyo.

Desturi inakubaliwa kama ushahidi, au ni maneno ya wazee tu?

Inakubaliwa, kwa masharti. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 60, inamruhusu hakimu kutazama vitabu vinavyofaa katika mambo ya historia ya umma. Sheria hiyo hiyo inapokea kauli ya mtu aliyekwisha kufa kuhusu haki ya umma au desturi, mradi aliisema kabla ugomvi haujazuka. Shika hilo neno "kabla". Kauli ya ami yako aliyoitoa baada ya mwekezaji kuja na pesa haina uzito wa ile aliyomwambia mwalimu wa shule mwaka 1975 bila kujua kuna kesi.

Kesi ya bandari ilikuwa ya historia au ya fidia?

Sote tunakumbuka fidia: mwezi Aprili 2018 Mahakama Kuu, katika kesi ya Mohamed Ali Baadi na wenzake, iliamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya mradi wa LAPSSET, ule wenye bandari mpya ya Lamu. Lakini soma sababu. Wadai walileta elimu ya wavuvi: mikondo, mikoko, majira ya kaskazi na kusi, sehemu za kutegea ambazo hazina hati. Walileta na mji wenyewe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Majaji wakaona haki ya utamaduni nayo imevunjwa, pamoja na haki ya mazingira safi na haki ya kupewa habari.

Wachambuzi wa mazingira waliisifu kama kesi ya mazingira. Mimi naiona zaidi kama kesi ya kumbukumbu. Mvuvi hana hati ya bahari. Alichokuwa nacho ni kuweza kueleza baba yake alitega wapi, kwa jina la mahali, na jirani yake akaeleza vivyo hivyo bila kupangana. Yule mvuvi wa Langoni nilimjibu hivyo: hapo, ami, tarikhi ndiyo iliyokuwa sheria.

Na ile ya makaa ya mawe?

Hiyo ni nyingine. Mwezi Juni 2019 Baraza la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa Kwasasi, hasa kwa kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Historia ilikuwa pembeni. Anayekwambia urithi wa Lamu ndio uliouangusha mtambo amechanganya kesi mbili.

"Dhuluma za kihistoria" zinaanza lini kisheria?

Tarehe 15 Juni 1895. Sifanyi mzaha. Sheria ya Tume ya Kitaifa ya Ardhi ilitafsiri dhuluma ya kihistoria ya ardhi kuwa ile iliyotendeka kati ya tarehe hiyo, Kenya ilipowekwa chini ya himaya ya Waingereza, na 27 Agosti 2010, siku ya katiba mpya. Ilitoa na miaka 5 ya kuwasilisha madai, muda uliokwisha 2021.

Kwa mtu wa bara mpaka huo una mantiki: kabla ya Mzungu, ardhi ilikuwa ya watu wake. Kwa Pwani unakata mahali pabaya. Malindi ilifufuliwa katikati ya karne ya 19 chini ya masultani kwa mashamba ya mtama na ufuta yaliyolimwa na watumwa. Nani alisukumwa ili mashamba yale yapatikane? Sheria haiulizi. Na utumwa ulipoondolewa kisheria ukandani mwaka 1907, waliomilikiwa walipata uhuru bila ardhi, na mwaka uliofuata ndiyo ikaja ile sheria ya kila mtu alete dai. Tazama tarehe hizo mbili zilivyokaa bega kwa bega. Mjukuu anayeitwa skwota leo alizaliwa kwenye mwanya huo.

Wabajuni waliokimbia vijiji vyao vya bara wakati wa vita vya shifta, miaka ya 1960, wamo ndani ya tarehe. Tatizo lao ni jingine: walipotaka kurudi walikuta msitu umeota, na msitu haushuhudii.

Malindi mambo ni hayo hayo?

Kwa ardhi, karibu. Kwa kumbukumbu, hapana. Wagiriama wana uasi wa 1914, shujaa wao Mekatilili wa Menza, na Kaya Fungo, makao yao matakatifu ya msituni, iliyolipuliwa kwa baruti na serikali ya kikoloni. Misitu ya kaya iliingia orodha ya UNESCO mwaka 2008, na katiba inahesabu ardhi yenye maeneo matakatifu ya jamii kuwa ya jamii. Kwa hiyo wakili wa Malindi ana kiapo, kaya na uasi wa kusimulia. Wa Lamu ana hati, wakfu na mji. Wakiazimana hoja bila kufikiri, huonekana.

Tarikhi ya Pate inaweza kupelekwa mahakamani?

Hiyo ni habari ya masultani wa kisiwa cha Pate. Inaweza kutajwa. Kuitegemea ni jambo jingine. Zipo nakala kadhaa zilizoandikwa na maafisa wa Kizungu mwanzoni mwa karne ya 20, na mtu huona: watano wanasema jambo moja, basi ni kweli. Lakini nyingi kati ya nakala hizo zinarudi kwa msimulizi mmoja, Bwana Kitini wa ukoo wa Nabhani, na kitabu cha asili inasemekana kilipotea Waingereza waliposhambulia Witu mwaka 1890. Basi hao si mashahidi watano. Ni shahidi mmoja aliyesikilizwa mara tano, naye alikuwa wa ukoo wa watawala. Hadhi yake haipungui kwa hilo. Ila ukitaka kujua mipaka ya shamba la mtu asiye Mnabhani, tafuta pengine.

Ile hukumu ya Juni 2025 kuhusu watoto wa nje ya ndoa, mwalimu unasemaje?

Mahakama ya Juu iliona kwamba kuwanyima mirathi ya baba Mwislamu kwa sababu walizaliwa nje ya ndoa ni ubaguzi. Barazani kulichafuka. Maoni yangu ya fikihi hayana kazi hapa. Nasemea namna ilivyochambuliwa. Waliofurahi walisimulia historia ya haki za watoto tangu 2010. Waliochukia walisimulia ya Waislamu: Sheria ya Urithi iliyoanza kazi 1981, malalamiko ya miaka mingi, na Waislamu kutolewa ndani yake mwaka 1990. Hakuna upande uliosoma historia ya mwenzake, na ni hukumu moja inayohitaji zote mbili, kwa sababu kifungu cha 24 cha katiba chenyewe kinazibeba: usawa kwa wote, na ruhusa kwa sheria ya Kiislamu mbele ya kadhi "kadiri inavyohitajika kabisa". Ugomvi wote umo ndani ya maneno hayo machache.

Nitajuaje kwamba mchambuzi ameitumia historia vizuri?

Mimi hufanya kama ninavyochagua samaki: nainua shavu. Nauliza habari hii ya zamani inafanya kazi gani hapa. Inathibitisha jambo? Inaeleza maana ya neno? Au inanipandisha hasira tu ili nisitazame kifungu? Hasira nayo ina haki yake, lakini haina namba ya kifungu. Pia natazama nani hayupo. Mara nyingi ni wanawake, ilhali nyumba zilikuwa zao.

Na mwandishi asiyekubali hata mara moja kwamba ushahidi fulani unamwendea kinyume, mimi humweka kando, hata akiwa upande wangu.

Nina sanduku la karatasi za marehemu babu. Nizifanyeje?

Usizitie plastiki ya moto. Wino wa zamani hauipendi, na mchunguzi hawezi tena kuigusa karatasi. Zipige picha pande zote mbili, hata upande mtupu. Nyuma ndipo majina ya mashahidi hujificha. Andika nani alilitunza sanduku baada ya nani. Usiziunge kwa gundi, wala usimruhusu mtu "kuzinyoosha" tarehe. Nyingi ni Kiswahili au Kiarabu kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo tafuta anayesoma mkono wa zamani, si kila ustadhi wa chuo anauweza.

Na hakikisha mwaka umeandikwa kuwa ni wa Hijria. Niliwahi kusindikiza hati ya kiunga cha minazi katika ofisi moja, mwaka umesimama wazi: 1325, yaani karibu 1907. Karani akaunakili hivyo hivyo kwenye daftari lake. Nikamwambia, kijana wangu, kwa hesabu yako hati hii imemtangulia Vasco da Gama Malindi kwa miaka 173. Akacheka, akasema atarekebisha. Nimerudi mara tatu. Faili bado linasema 1325.